Kiti cha Mbele cha Pijo

Kuna watu ambao ukiwauliza njia wasiyoijua watakuonyesha hivyo hivyo, tena kwa kidole kilichonyooka, alimradi wasionekane hawajui. Kuna na wengine ambao ukiwaambia neno wasilisikie vizuri huitikia "sawa", kisha huenda kuliziba pengo kwa akili zao wenyewe. Waliotutangulia duniani waliwaona watu wa namna hii wakiongezeka, wakatuachia maneno matatu mepesi kubeba: kuuliza si ujinga. Ni mepesi kubeba, lakini ni mazito kutamka mbele ya mteja. Kama huamini, nenda ukamwone Naftaly Mwaura, fundi wa viti vya magari mjini Nakuru.

Naftaly alikuwa na kibanda cha mabati upande wa Shabab, mahali ambapo mvua za Aprili hugeuza uwanja kuwa uji na lori likipita humwagia uji huo kila mtu bila ubaguzi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameinama juu ya viti vya watu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama ndoana, na vidole vyake viliota sugu hata akawa anaweza kushika sufuria ya moto bila kitambaa. Mwaka huo kazi zilimwandama kama siafu. Viti vilivyong'olewa kwenye magari vilipangwa ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, na daktari mwenyewe alikuwa hoi kuliko wagonjwa.

Kitu kimoja tu hakikuchoka katika mwili wa Naftaly, nacho ni ulimi. Alikuwa mtani wa kuzaliwa. Nakuru ni mji wa kila kabila, na yeye alijua kuigiza lafudhi ya kila mmoja. Hata Awuor, mama wa makamo aliyeendesha cherehani humo kibandani, hakusalimika.

"Awuor, leo una sida gani?" angemwuliza asubuhi, akiiminya sh kwenye meno kama Mjaluo.

"Sida yangu ni wewe, Naftary," Awuor angejibu kwa r za Kikuyu za Naftaly mwenyewe, bila kuinua macho kwenye sindano. "Na ukimaliza kurara, uje uniretee ure uzi."

Wote wawili wangecheka. Utani wa namna hiyo ni chumvi ya kazi, na Naftaly aliupenda. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: lafudhi za wenzake aliziona toka mbali, lakini siku alipochoka na ulimi wake ukateleza, hakuusikia. Nyani haoni kundule.

Jumatatu moja, mawingu yakiwa yamelala juu ya mlima Menengai kama blanketi chafu, Pijo 504 ya rangi ya krimu iliingia uwanjani taratibu. Ilikuwa gari la zamani, limetunzwa. Bodi lilimeremeta, taa zilikodoa macho mbele, na injini ilinguruma kwa adabu kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuomba dua. Ndani lakini viti vilikuwa vimekufa. Cha dereva kilitoa sponji ubavuni, na cha nyuma kilikuwa kimepasuka kutoka mlango hadi mlango.

Akashuka mzee mrefu, kofia kichwani, sweta chini ya koti.

"Habari ya kazi, fundi. Natoka Mau Narok. Naitwa Kimaiyo."

Hilo jina tu lilimtosha Naftaly. Kabla mzee hajafungua kinywa mara ya pili, fundi alikuwa amekwisha kumtia kwenye kikapu chake: Mkalenjin, mkulima wa ngano, Kiswahili cha kubahatisha.

"Karibu sana, mzee. Hii Pijo imekula chumvi nyingi kuliko mimi."

Mzee alitabasamu kidogo, akafungua milango mmoja baada ya mwingine. "Hiki cha dereva na kile cha nyuma, vibadilishe kabisa. Tumia ngozi bandia, rangi utakayoona inafaa." Kisha akazunguka upande wa kushoto, akaweka mkono juu ya kiti cha abiria wa mbele. Kilikuwa kimevishwa turubai la kijani lililopauka, lenye vumbi na madoa. "Hiki ndicho alichokuwa akikalia mama. Kitambaa chake ukifue tu. Usije..."

Hapo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika juu ya mabati kama kokoto kutoka kwenye lori. Mdomo wa mzee uliendelea kufunguka na kufumba, mkono wake ukipapasa turubai lile, lakini hakuna neno lililomfikia Naftaly. Naye alitikisa kichwa juu na chini kama mjusi juu ya jiwe.

"Umenisikia?" mzee alipaza sauti.

"Nimekusikia, mzee! Kwa masikio yote mawili!"

"Jumamosi ya wiki ijayo nampeleka binti yangu kanisani kuolewa. Jumatano ya wiki hiyo nitakuja kulichukua gari."

"Utalikuta linang'aa kuliko bwana harusi!"

Mzee akaacha namba yake ya simu, akapanda pikapu ya jirani yake aliyekuwa akimngoja barabarani, akaondoka.

Awuor alisimamisha cherehani. "Naftaly, amesema ukifue au ukivue?"

Swali lenyewe halikuwa dogo. Kibandani humo, kuvua kiti maana yake ni kukitoa nguo zake kuukuu na kukibakiza uchi, sponji na chuma, tayari kwa kuvishwa upya. Kufua ni kufua, kama anavyofua mtu yeyote: maji na sabuni.

Naftaly akacheka. "Mama, wewe ni mgeni Nakuru? Huyo ni Mkalenjin. Kwao v ni f. Hata gavamenti wanaiita kofamenti. Akisema ukifue, tafsiri yake ni ukivue. Na tangu lini watu wakafua kiti?"

"Hakusema kiti. Alisema kitambaa. Tena alikuwa anaendelea kuongea mvua ikamfunika. Namba si amekuachia? Mpigie umwulize."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba fundi wa miaka ishirini na miwili hajui kazi aliyopewa? Mteja akimwona fundi anauliza, anaanza kutafuta fundi mwingine."

Hivyo ndivyo alivyosema. Ukweli uliokuwa chini ya maneno hayo ulikuwa mdogo na wa aibu. Simu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limening'inia upande wa pili wa kibanda, hatua kumi hivi. Siku hiyo mgongo ulikuwa ukimwuma, na hatua kumi zilikuwa ndefu kama kupanda Menengai. Uchovu nao una kiburi chake.

Kesho yake akakivua kile kiti.

Turubai lilikuwa limeshonwa kwa mkono, kwa uzi mnene uliopakwa nta ya nyuki. Mshono wenyewe ulienda huku, ukarudi kule, ukapanda, ukashuka. Naftaly akamwita Awuor aje kuona.

"Tazama maajabu! Aliyeshona hiki alikuwa amepanda punda. Punda mwenyewe alikuwa amelewa."

Awuor hakucheka. Aliinama, akautazama ule mshono. "Mbaya kwa macho," alisema, "lakini ona jinsi ulivyokaza."

Kweli, ulikuwa umekaza. Kisu kilipambana nao asubuhi nzima. Kila hatua ya uzi ilikataa kukatika mpaka Naftaly aivute, aikwaruze, aitukane. Alipomaliza alitandaza vipande juu ya meza ili vimpe patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa kipya. Kwa kuwa kingo zilikuwa zimepinda, alichukua mkasi akazinyoosha, upana wa kidole huku, upana wa kidole kule. Vipande vya kingo vikaingia jikoni vikachemsha chai.

Mchana wake akaja Muiruri, kijana wa bodaboda wa stendi ya Kiamunyi, suruali imelowa nyuma.

"Fundi, niaje? Kiti changu kimetoboka. Nakalia maji kama bata."

Naftaly akaokota kipande kikubwa kuliko vyote, kile cha kukalia, akamrushia. "Shika. Hilo ni turubai la ukweli. Lilikuwa likikaliwa na mtu mmoja ndani ya Pijo, sasa litakaliwa na Kiamunyi nzima."

Muiruri akashukuru, akaondoka. Awuor alikusanya vipande vilivyosalia kimyakimya, akavitia kwenye gunia, akalisukuma chini ya meza yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kutotupa kitu mpaka aelezwe ni cha nani.

Jumatano ilipofika, Pijo ilikuwa imependeza kupindukia. Viti vyote vilitiwa sponji mpya na kuvishwa ngozi bandia ya rangi ya chai ya maziwa, mishono imenyooka kama mistari ya daftari. Naftaly alikuwa amelala saa chache mno kwa siku tisa, lakini alisimama mlangoni amejaa fahari kama pishi ya mchele.

Mzee Kimaiyo alikuja na binti yake Chepkemboi, msichana mrefu kama babaye. Mzee alizunguka gari. Alifungua mlango wa dereva, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua wa nyuma, akasema, "Kazi nzuri." Halafu akafungua mlango wa mbele wa kushoto.

Akapapasa ile ngozi mpya, akautoa mkono.

"Fundi, kiti cha mama kiko wapi?"

"Si ndicho hicho, mzee? Kimezaliwa upya."

"Nilikuambia ukifue."

"Ndiyo, mzee. Tukakivua."

Mzee akageuka. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Nikisema fua, ni fua, fa ya fulana. Nikitaka vua, nasema vua, va ya viatu. Wewe ulidhani nimesema nini?"

"Mzee, mimi nilidhani..." Ulimi wa Naftaly, ule usiochoka, ukamkwama kama mfupa wa samaki.

"Maliza, fundi. Ulidhani Kimaiyo hawezi kutamka."

Nje, mtu alikuwa akigonga bati, ngo, ngo, ngo, nayo ilisikika kama inagongwa ndani ya kichwa cha Naftaly.

Chepkemboi akaingilia. "Nilipokuwa mdogo baba alibeba ndama humu ndani," alisema polepole, kama mtu anayejisimulia mwenyewe. "Ndama akatafuna kiti chote. Mama akasema hataki fundi, atakishona mwenyewe. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshamwanza, mikono ilikuwa inatetemeka. Alishona jioni tano. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia uzi kwenye sindano. Baba aliponiuliza nataka gari gani siku ya harusi, nilimwambia sitaki la kukodisha. Nataka kwenda kanisani nimekaa pale alipokuwa akikaa mama. Basi."

Naftaly alikumbuka punda wake mlevi.

"Kitambaa chenyewe kiko wapi?" mzee akauliza.

Awuor alikuwa ameshalivuta gunia. Alitandaza vipande sakafuni kimoja kimoja: mgongo, mbavu, mikanda. Katikati pakabaki uwazi.

"Cha kukalia?"

"Kiko kwenye bodaboda," Naftaly alijibu.

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Alionekana amezeeka miaka mitano tangu afike. "Ijumaa saa kumi nitarudi. Sikutafutii maneno mengi, fundi. Harusi ni Jumamosi, na mimi kipya sikutaka."

Wakaondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari la kuwarudisha Mau Narok. Pijo ikabaki pale, imependeza kama jeneza jipya.

Simu ya Muiruri ilikuwa imezimwa. Alhamisi alfajiri, Naftaly akawa stendi ya Kiamunyi, miguu ndani ya tope.

"Boss, samahani. Unamjua Muiruri?"

"Yupi? Hapa tuko nao wanne. Mrefu, mfupi, wa kanisa, ama yule wa kulala?"

"Sijui. Ana pikipiki nyekundu."

"Zote ni nyekundu, fundi. Kwani sasa umeanza kutafuta viti vilivyokutoroka?"

Waendesha boda wakaangua kicheko, mmoja akaigiza mgongo wake ulivyopinda. Naye aliyekuwa bingwa wa kuigiza watu alisimama katikati yao akingoja wamalize, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Akamwuliza mama wa chapati. Mama akamwelekeza kwa mwenye duka la dawa za mifugo. Wa dawa za mifugo akamwelekeza kwa shemeji yake Muiruri, na shemeji akamwambia, "Muiruri? Ameenda Dundori kubeba viazi. Msimu ukiisha ndio atarudi."

"Dundori sehemu gani?"

"Ah, Dundori ukifika uliza tu."

Uliza tu! Naftaly akapanda juu Dundori, kulikokuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Akamwuliza mchuuzi wa kabeji. Akamwuliza mzee aliyebeba maziwa kwenye mtungi, naye alikuwa mgumu wa masikio, ikabidi amwulize mara nne. Aliuliza wapakiaji wa lori, akauliza watoto waliotoka shule kula chakula cha mchana, akamwuliza mwanamke aliyekuwa anang'oa magugu, ambaye kwanza alitaka kujua yeye ni mtoto wa nani. Viatu vilibeba tope mpaka vikawa vizito kama mawe ya kusagia. Kufikia alasiri sauti ilikuwa imemkauka. Aliyekataa kumwuliza mtu mmoja, kwa simu, akiwa mahali pakavu, sasa alikuwa amewauliza watu wa kata nzima.

Alimkuta Muiruri kando ya shamba, akifunga magunia mawili ya viazi kwenye pikipiki. Kipande cha turubai kilikuwa pale, kimebanwa kwa pini kwenye kiti, kimejaa tope, na kamba ilikuwa imekisugua upande mmoja mpaka kikawa chembamba.

"Muiruri, nirudishie hicho kitambaa."

"Hapana, fundi. Ulinipa mwenyewe, na mdomo wako."

"Nilikosea. Hakikuwa changu."

Akamweleza yote, tangu mvua hadi punda. Hakupunguza. Muiruri alisikiliza akiwa ameshika kamba, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Sasa, kwa nini hukumpigia mzee simu?"

Naftaly alitazama chini. Muiruri akainama akaanza kung'oa pini. "Nitakalia gunia," alisema. "Lakini wiki ijayo unishonee kiti cha maana. Na usinipe cha marehemu wa mtu mwingine."

Jioni ileile Awuor alikifua. Alitumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akisugua kwa kiganja, maji yakitoka meusi, halafu ya kahawia, halafu safi. Akakianika juu ya jiko la makaa, akikigeuzageuza kama chapati. Alipomaliza vipande vyote, alisema tu, "Basi hii ndiyo kazi aliyokupa. Imechukua saa moja."

Ijumaa, kabla jua halijapata nguvu, Naftaly alikaa na sindano ya gunia. Cherehani haikufaa. Ilibidi apitishe uzi kwenye matundu yaleyale ya zamani, moja baada ya jingine, yalipopanda apande, yalipoyumba ayumbe. Hapo ndipo alipoujua ule mshono. Pale ulipopinda sana, mkono wa mama ulikuwa umetetemeka, halafu katika tundu lililofuata ungeona amejikaza, amerudi kwenye mstari. Kila mara alirudi. Fundi mwenye mikono mizima alitoka jasho kufuata njia ya mgonjwa.

Kufikia saa tano akagonga ukuta. Kingo alizokuwa amezinyoosha kwa mkasi zilikuwa zimekwenda na moto wa chai. Kile cha kukalia hakikufikia vya mbavuni, kilipungua upana wa kidole kila upande.

Awuor alikuwa na jibu tayari. Alitoa kwenye droo turubai la kijani, rangi ileile kabisa. "Ongeza ukanda wa hili. Hata shetani hatajua."

Naftaly alilishika. Lilifaa mno. Angeweza kulitia, mzee asigundue, kazi ikaisha, akalala. Mwili mzima ulimwomba afanye hivyo. Koti lilikuwa palepale lilipokuwa siku ile, hatua kumi, na mgongo ulikuwa ukimwuma kuliko siku ile.

Akainuka, akazihesabu hatua, akachukua simu.

"Mwalimu, ni fundi. Kitambaa kimepatikana, kimefuliwa. Lakini nilikuwa nimekikata kingo, sasa kimepungua. Ninaweza kupunguza sponji ili kitoshe, au niongeze ukanda wa rangi ileile, usionekane. Nimeona nikuulize."

"Sponji usiguse," mzee akajibu. "Hilo bonde lililo katikati ni lake."

Naftaly akageuka kuitazama ile sponji kuukuu iliyokuwa kwenye pembe, ambayo nusura aitupe siku ile alipokivua kiti. Kweli palikuwa na bonde.

"Na ukanda, mwalimu?"

"Ongeza. Lakini usiufiche. Mimi nikisahihisha daftari la mtoto, sifuti alichoandika nikajifanya hakukosea. Nasahihisha kwa wino mwekundu. Una uzi mwekundu?"

"Ninao."

"Basi tumia huo mahali palipo pako. Pa mama, tumia wa kwake."

Alimaliza saa tisa na nusu, sponji kuukuu ikiwa imerudi mahali pake. Vidole vilikuwa vimevimba, na alipojaribu kusimama wima mgongo ulikataa, akatoka mlangoni akiwa amekunjika kama mwavuli.

Mwalimu na Chepkemboi walifika saa kumi. Mzee alifungua mlango wa kushoto, akapiga goti polepole kwenye tope, akapitisha kidole juu ya mshono kama anayesoma maandishi madogo.

"Hapa ni wewe."

"Ni mimi, mwalimu."

"Na hapa?"

"Hapo ni mama."

Kidole kikaendelea. Kilipofika mahali pembamba palipokuwa pamesuguliwa na kamba ya viazi, kikasimama, kikapapasa, kikapita. Mzee hakuuliza palifanywa nini, na Naftaly alimweleza hivyo hivyo, bila kuulizwa.

Chepkemboi aliingia akaketi. Alijisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka akapata lile bonde. Akafumba macho. Kisha akavuta mlango akaufunga mwenyewe, nao watatu waliobaki nje wakaangalia kando.

"Fundi," mzee akasema, akijipangusa goti, "sikudanganyi. Sijui kama nitakuletea kazi nyingine. Kuna kitu ulichonivunjia ambacho uzi haukifikii. Lakini nikuambie jambo moja. Darasani sikuwahi kumwadhibu mtoto aliyenyoosha mkono akasema, mwalimu, sikusikia. Walionisumbua maisha yangu yote ni wale waliojibu kwa pamoja, ndiyo mwalimu."

Akawasha Pijo. Ikasafisha koo, ikatoka uwanjani taratibu kuelekea milimani, kichwa cha msichana kikionekana upande wa kushoto, kimeegemea mgongo wa kiti.

Naftaly alikuwa bado amesimama hapo, amekunjika, dereva wa lori aliposimamisha gari na kuanza kumweleza kasoro za kiti chake, injini ikinguruma. Fundi alimwambia azime injini. Akamwuliza anataka nini. Alipojibiwa, akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, mpaka dereva akachoka.

"Kwani wewe, fundi, ni kiziwi?"

"Nilikuwa, boss," Naftaly akajibu, naye hakuwa akitania. "Nimetibiwa juzi, na dawa yenyewe ni chungu. Hebu rudia."

Ama kweli, kuuliza si ujinga.